Motere za RAV4 katika Kivu: D-4 si D-4D

GOMA – Tangu kambi za Bulengo na Lushagala zivunjwe mwezi wa pili 2025, familia nyingi zimerudi vijijini ao zimebaki mjini kwa wandugu. Zile zilizoweza kuchanga pesa kidogo zinawaza kununua gari ya kubeba watu na bidhaa. Jina linalotajwa mara nyingi ni RAV4, kwa sababu ni ndogo, inapita kwenye mawe ya volkano, na mafundi wengi wanaijua. Kisha linakuja swali: ya esansi ao ya mazutu?

Swali ni zuri lakini halitoshi. Kuna RAV4 mbili za esansi zinazofanana kama mapacha, na moja inaweza kumaliza akiba ya familia garajini. Kwa kuelewa sababu yake, turudi nyuma miaka 30.

Toyota ilianza kuuza RAV4 kule Japani mwezi wa tano 1994. Hapa kwetu mwaka huo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kutazama gari mpya. Mwezi wa saba, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa siku chache, na gari zilizojaa barabarani zilikuwa Land Cruiser nyeupe za mashirika, za mazutu. Nafikiri ni pale ndipo wengi wetu tulianza kuamini kwamba gari ya nguvu ni ya mazutu, na ya esansi ni ya kutembelea mjini tu.

Lakini RAV4 ya kwanza haikutoka na mazutu hata moja. Motere yake ya kawaida ilikuwa ya esansi, litri 2, inaitwa 3S-FE. Ni ile ile iliyokuwa ndani ya Corona na Carina, na kule Japani iliandikwa nguvu ya farasi 135. Kazi yake ni nyepesi kuelewa: esansi inapuliziwa mahali hewa inapoingilia, kabla ya valvu, kwa mgandamizo mdogo wa karibu bar 3. Pompi hainung'uniki sana esansi ikiwa na uchafu kidogo. Kitu kikubwa cha kukumbuka ni mkanda wa ndani wa motere, unaobadilishwa karibu kila kilomita 100 000. Ukikatika, unabaki njiani.

Mambo yaligeuka mwaka 1996. Japani viwanda vilikuwa vinashindana nani atatumia esansi kidogo zaidi. Mitsubishi ilitangulia na motere yake ya GDI, na Toyota ikafuata mwaka ule ule na D-4. Katika motere hizo esansi haipuliziwi tena kabla ya valvu, bali inaingizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa mgandamizo unaofika bar 80 na zaidi. Kwa mtu wa Tokyo, mwenye esansi safi na garaji yenye kompyuta, hilo lilikuwa jambo la akili, kwa sababu gari ilikunywa kidogo na kukimbia vizuri.

RAV4 ya pili ilipotoka mwaka 2000, Japani ilipewa motere mbili: ya litri 1.8 inayoitwa 1ZZ-FE, isiyo na nguvu kwenye magurudumu manne, na ya litri 2 inayoitwa 1AZ-FSE, ambayo ndiyo D-4. Nchi nyingine zilipata motere ya litri 2 bila mtindo huo mpya, inayoitwa 1AZ-FE. Ulaya ikaongezewa ya mazutu, D-4D. Hivi herufi moja tu, ile D ya mwisho, inatenganisha esansi na mazutu. Nani atashangaa kama mtu akimwaga mazutu ndani ya gari ya esansi kwa sababu aliona D-4 imeandikwa juu ya motere?

Historia hiyo ya Japani ilitufikia kwa barabara mbili. Gari zinazoshushwa Dar es Salaam na Mombasa na kupanda mpaka kwetu nyingi zimetoka Japani, volani iko kuume. Zile zinazotoka Ubelgiji na kushushwa Matadi zina volani kushoto. Ndiyo sababu hapa mashariki RAV4 ya miaka ya 2000 hadi 2005 mara nyingi ni D-4, hata kama mwenye kuiuza hajui. Mnunuzi wa Kivu anapokea chaguo lililofanywa na mtu mwingine, kwa barabara nyingine na kwa esansi nyingine.

Na esansi yetu tunaijua. Uganda, Rwanda na nchi nyingine za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba mazutu yasizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni tangu mwezi wa kwanza 2015, kwa hiyo kinachovuka mpaka si kibaya sana. Ubaya unaanza baadaye: mapipa, bidoni, chupa za kadhafi pembeni ya barabara, maji ya mvua, na mara nyingine petroli ya taa iliyochanganywa humo. Pompi ya D-4 inalainishwa na esansi yenyewe, kwa hiyo uchafu na maji vinaikwaruza. Tena, kwa kuwa esansi haipiti juu ya valvu za kuingiza hewa, haizisafishi, na masizi yanajikusanya hapo. Dalili zake ni hizi: gari inakataa kuwaka asubuhi, inatetemeka ikisimama, inazimika kwenye foleni.

Mtu anayekumbuka barabara ya Sake tarehe 27 mwezi wa tano 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, mji ulipoamriwa kuhamishwa, anajua gari inayozimika kwenye foleni inamaanisha nini kwa mama mwenye watoto ndani.

Je, mazutu? D-4D ya litri 2 ina jambo moja zuri sana kwa milima yetu. Goma iko karibu mita 1 500 juu ya bahari, na motere isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. D-4D ina turbo inayosukuma hewa, kwa hiyo haichoki hivyo, na nguvu yake ya kuvuta ni 250 Nm, wakati 1AZ-FE ina 192. Lakini enjektere zake pia zinataka mafuta safi, na kuzibadilisha ni bei kali. Mwenye kupakia mizigo kila siku na kununua mazutu kwenye stesheni moja anayoiamini, aichukue. Mwenye kununua kwa chupa, aiache.

RAV4 ya tatu ilitoka Japani mwishoni mwa 2005 na motere ya litri 2.4, 2AZ-FE. Ni ya kawaida, haina D-4, ina mnyororo badala ya mkanda. Inajulikana kwa kula oili, na ikichemka, nyuzi za bolti za kichwa cha motere zinaweza kulegea. Pima oili kila wiki. Kwa maoni yangu, yenye kutunzwa ni afadhali mara kumi kuliko D-4 yenye kung'aa rangi.

Basi kabla ya kutoa dola, fungua kapo na usome kibati cha gari. Namba ya shasi ikianza na SXA, ni 3S ya zamani. ZCA ni litri 1.8. CLA ni ya mazutu. ACA ni ya litri 2 ao 2.4, na hapo usiishie, soma pia mstari wa motere. 1AZ-FE na 2AZ-FE zinakubalika. Ukiona 1AZ-FSE, hiyo S ndiyo D-4, na muuzaji anapaswa kushusha bei ao utafute nyingine. Uliza pia gari iwashwe ikiwa baridi kabisa, asubuhi mapema, kabla mwenyewe hajaizungusha.