Wa Tatu Aende Wapi? Pembetatu ya Mapenzi baina ya Marafiki katika Filamu za Kihindi

Pembetatu ya mapenzi, yaani kisa ambacho watu watatu hufungamana kwa pendo lisiloweza kuwatosha wote, ni miongoni mwa miundo mikongwe ya filamu za Kihindi, na huwa na uzito wa pekee pale watatu hao wanapokuwa marafiki wa chanda na pete. Kisa cha aina hiyo, ambacho leo hutazamwa kwa vicheko, kilianza kwa risasi na vilio, na kilichukua takriban nusu karne kubadilika. Safari hiyo inaweza kufuatwa kwa swali moja ambalo kila mwongozaji alilazimika kulijibu kabla taa za ukumbi hazijawashwa: wa tatu aende wapi?

Kwa watazamaji wa pwani ya Afrika Mashariki swali hilo lilikuwa na utata wa ziada. Mjini Zanzibar ukumbi wa Royal, uliojengwa mahususi kwa ajili ya sinema, ulifunguliwa mwaka 1921, na katika miongo iliyofuata filamu za Kihindi zilipata wapenzi katika jamii zote za visiwani na za bara, kiasi kwamba watunzi wa taarab walichukua lahani zake na kuzitilia maneno ya Kiswahili. Katika lugha ya watazamaji hao mhusika mkuu huitwa stelingi, na kanuni inayojulikana hata kwa watoto ni kwamba stelingi hafi. Pembetatu iliikoroga kanuni hiyo, kwa kuwa ilimwekea mtazamaji mastelingi wawili katika picha moja, wote wema na wote wenye haki ya kupenda, kisha ikamtaka akubali kumpoteza mmoja wao.

Mfano wa awali ulio mashuhuri ni Andaz ya Mehboob Khan, iliyotoka mwaka 1949, miaka miwili tu baada ya uhuru wa India. Nina, binti wa tajiri aliyeigizwa na Nargis, anaokolewa na kijana Dilip pale farasi wake anapotoka mbio bila kuzuilika, na kutokana na tukio hilo unazaliwa usuhuba ambao Nina anauona kuwa urafiki mtupu, ilhali Dilip anauona kuwa mapenzi. Rajan, mchumba wa Nina, anaporudi kutoka ng'ambo, kutoelewana huko kunageuka shaka, shaka inageuka ugomvi, na mwishowe Nina anampiga Dilip risasi na kuishia gerezani. Filamu hiyo, iliyowakutanisha waigizaji Dilip Kumar na Raj Kapoor kwa mara ya kwanza na ya mwisho, ilijibu swali la wa tatu kwa ukali: mwanamke na mwanamume wasio ndugu wala mke na mume hawawezi kuwa marafiki pasipo mtu kuumia.

Jibu hilo lilichukua sura nyingine mwaka 1964, pale Raj Kapoor alipoongoza Sangam, filamu yake ya kwanza ya rangi, yenye urefu unaokaribia saa 4 na iliyopigwa kwa sehemu katika miji ya Ulaya. Neno sangam lina maana ya mahali mito inapokutana, na kwa Wahindu hukumbusha hasa makutano ya Ganga, Yamuna na Saraswati, ambao ni mto wa tatu usioonekana kwa macho. Ishara hiyo ndiyo iliyobeba kisa chote. Sundar na Gopal, marafiki tangu utotoni, wanampenda Radha, naye Radha moyo wake uko kwa Gopal; lakini Gopal, kwa kuutukuza urafiki, au dosti kama Wahindi wanavyouita kwa neno lenye asili ya Kiajemi, anayaficha mapenzi yake na kumwachia mwenzake. Radha hakuulizwa. Anaolewa na Sundar, barua ya zamani isiyo na sahihi inaokotwa, na Gopal anajiua kwa bastola ya rafiki yake ili mto wa tatu upotee na miwili iliyobaki iendelee kutiririka. Kwa mtazamo huo, urafiki wa wanaume wawili ulikuwa mali yenye thamani kupita ndoa, na mwanamke alikuwa zawadi inayokabidhiwa.

Kicheko kiliingia kupitia mlango wa nyumba ndogo. Katika miaka ya 1970 waongozaji kama Hrishikesh Mukherjee na Basu Chatterji walistawisha sinema ya kati, yaani filamu za gharama nafuu kuhusu makarani, wanafunzi na wapangaji wa mijini, na katika mkondo huo Sai Paranjpye alitoa Chashme Buddoor mwaka 1981. Jina lake ni dua ya Kiajemi ya kuepusha jicho la husuda, na husuda ndiyo kiini cha kisa. Vijana watatu wanaoishi chumba kimoja mjini Delhi, huku wakidaiwa na mwenye kibanda cha sigara, wanakutana kwa nyakati tofauti na msichana mmoja, Neha. Omi na Jai wanamwendea, wanashindwa, kisha kila mmoja anarudi nyumbani na hadithi ya uongo ya ushindi wake. Siddharth, mwanafunzi mpole wa uchumi, hamwendei mtu: Neha ndiye anayebisha hodi akiuza sabuni ya unga iitwayo Chamko, na kumwonyesha kwa ndoo na taulo jinsi povu linavyofanya kazi. Mapenzi yanaanzia hapo, juu ya ndoo. Wenzake wanapogundua kwamba msichana ni yuleyule, wanatumia uongo wao wa kwanza kumchafua, hadi wanapojuta na kutafuta namna ya kuwapatanisha.

Karan Johar, katika Kuch Kuch Hota Hai ya mwaka 1998, alikwenda hatua nyingine kwa kumfanya rafiki wa chanda na pete kuwa mwanamke. Anjali, anayecheza mpira wa kikapu na Rahul chuoni, anampenda kimyakimya huku Rahul akimpenda Tina, na utani wa nusu ya kwanza unatokana na watu kutojua walichonacho. Hata hivyo Tina anafariki baada ya kujifungua, akimwachia bintiye barua za kumrudisha Anjali, na Aman, mchumba wa Anjali, anajiondoa kwa hiari. Kal Ho Naa Ho ya mwaka 2003 ilimuua stelingi mwenyewe kwa ugonjwa wa moyo, baada ya kuwaunganisha marafiki wawili.

Kwa hiyo vicheko viliingia ukumbini, lakini jeneza halikutolewa nje. Kati ya filamu hizi ni ile ya Paranjpye pekee ambayo hakuna pembe ya mapenzi iliyolazimika kufa wala kutoa kafara, kwa sababu ndiyo pekee ambayo tangu mwanzo mwanamke alikwisha kuwafungia mlango wawili na kuubisha wa mmoja, na walioshindwa hawakuwa na pendo la kulilia ila majigambo ya kuyaonea aibu.