Rufaa Dhidi ya Adhabu Nyepesi: Ni Haki ya Nani?

Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo, wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa wakati polisi wakiwatawanya wafuasi wa Chadema. Askari mmoja alishtakiwa kwa mauaji. Julai 2016 Mahakama Kuu, Iringa, ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikamhukumu kifungo cha miaka 15. Kosa hilo kisheria laweza kufikia kifungo cha maisha. Je, anayeona adhabu kama hiyo ni nyepesi, aende wapi?

Mlango upo, lakini ufunguo anao mmoja. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa 1979 na ambayo huketi pia Mbeya na Iringa, hupokea rufaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya adhabu ya Mahakama Kuu. Wafiwa si wadaawa katika kesi hiyo. Na majaji wa rufaa hawaongezi adhabu kwa kuwa tu wao wangetoa kubwa zaidi. Kanuni hiyo imerithiwa tangu enzi za Mwingereza: sharti ionekane kuwa misingi imekiukwa, au adhabu ni ndogo kupita kiasi.

Hapa fiqhi yetu inakaribiana nayo, kwani mafaqihi wamesema ijtihadi haitanguliwi na ijtihadi. Hukumu ya kadhi hutenguliwa inapokhalifu nassi, ijmai au kiyasi kilicho wazi.

Tofauti ipo kwa mwenye haki. Katika madhehebu ya Imam Shafi, mauaji yanayofanana na ya kusudi hayana kisasi. Yana diya nzito ya ngamia 100, nayo ni mali ya warithi. Ama taaziri, Al-Mawardi (aliyefariki 450 H/1058) ameeleza kuwa haki ya mja ikidaiwa, mtawala hawezi kuisamehe kwa niaba yake. Na mja akisamehe, mtawala bado aweza kutia adabu.

Ndugu msomaji, hatusemi miaka 15 ilikuwa michache. Hilo ni la waliosikia ushahidi. Mtume (SAW) alikemea kumwachia mtukufu na kumwadhibu mnyonge, na imepokewa pia kuwa kiongozi kukosea katika kusamehe ni bora kuliko kukosea katika kuadhibu. Mizani hiyo miwili ishikwe pamoja. Lakini mwenye damu asiposikilizwa, upande mmoja wa mizani unabaki mtupu.

Wallahu a'lam.