Kiota cha lugha na kipimo chake: mfano wa Wamaori

Kila mradi wa elimu hupimwa, lakini ni nadra kuulizwa ni nani aliyekitunga kipimo. Historia ya Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, yatuonyesha uzito wa swali hilo.

Mwaka 1913, watoto tisa kati ya kumi wa Kimaori waliokuwa shuleni walijua lugha yao. Mwaka 1975 hawakufika watano kwa mia. Wazee waliona lugha yakaribia kuzikwa pamoja nao. Ndipo mwaka 1982 kikafunguliwa huko Wainuiomata, karibu na Wellington, kituo cha kwanza cha Te Kōhanga Reo, yaani «kiota cha lugha». Humo watoto wadogo walilelewa kwa Kimaori kitupu, na jamaa zao ndio waliokisimamia. Kufikia mwaka 1993 viota vilizidi 800, na watoto 14,000.

Jamaa hao walikuwa na kipimo chao, chenye nguzo nne: Kimaori peke yake; maamuzi na uendeshaji mikononi mwa jamaa; uwajibikaji; afya ya mtoto pamoja na ya jamaa zake. Kwa kipimo hicho, nyanya aliyemsikia mjukuu akimjibu kwa Kimaori alikuwa shahidi wa kutosha.

Mwaka 1990 viota vilihamishiwa Wizara ya Elimu, vikawekwa chini ya kanuni za shule za awali kwa jumla. Baadaye utaratibu wa ruzuku ulipendelea vituo vyenye walimu wa vyeti kuliko vile vinavyoongozwa na wazazi. Mwaka 2011 watoto walikuwa wamepungua chini ya 10,000. Mwaka uliofuata, Baraza la Waitangi, linalochunguza malalamiko ya Wamaori juu ya mkataba wa 1840, liliamua kwamba kanuni na ruzuku hizo hazikuvifaa viota, na kwamba serikali ilikiuka misingi ya mkataba.

Si kwamba serikali haina haki ya kukagua fedha za umma na usalama wa watoto. Lakini wahenga walisema: nyumba njema si mlango. Aliyehesabu vyeti aliuona mlango. Lugha ilikuwa ndani. Nasi watafiti wa vyuo vyetu, tutumwapo vijijini na karatasi za maswali, yafaa swali la kwanza tuwaachie wenyeji walitunge: kwenu, kufaulu ni nini?