Ismailia, mji wa mifereji miwili

Watalii wengi wanaokwenda Misri huishia kwenye piramidi. Mwenye siku moja ya ziada apande basi la Cairo kuelekea mashariki hadi Ismailia, mji ulioanzishwa 1863 kando ya Ziwa Timsah, katikati ya Mfereji wa Suez. Ulipewa jina la Ismail Pasha, aliyeshika utawala wa Misri mwaka huohuo.

Wageni hukimbilia kutazama meli. Afadhali waanze na mfereji mwingine, mwembamba, unaoleta maji ya Mto Nile. Kabla haujafika hapo mwaka 1862, maji ya kunywa ya wachimbaji wa Mfereji wa Suez yalibebwa na ngamia. Wachimbaji wenyewe, mwanzoni, walikuwa wakulima wa Misri waliokusanywa kwa shuruti, maelfu kwa maelfu. Hilo lisisahaulike mtu akifika kwenye nyumba ya Ferdinand de Lesseps, Mfaransa aliyeongoza mradi, iliyo papo hapo kando ya maji hayo baridi. Mitaa ya maofisa wa kampuni yake ina miti mikubwa na nyumba zenye baraza za mbao. Wamisri walipangiwa upande mwingine wa mji.

Julai 26, 1956, Rais Gamal Abdel Nasser alihutubia Alexandria. Jina la de Lesseps katika hotuba hiyo lilikuwa ishara ya siri: vijana wa Nasser walipolisikia redioni, waliingia ofisi za kampuni hapa Ismailia. Alipomaliza kusema, mfereji ulikuwa mali ya Misri.

Vita vya 1967 viliufunga kwa miaka minane. Meli za Ulaya zilizokuja Mombasa na Dar es Salaam zikalazimika kuzunguka Afrika Kusini. Meli ya Kimarekani, Observer, ilikwama peke yake Ziwa Timsah hadi 1975. Waisraeli walikuwa ng'ambo, mabomu yakianguka, na wakazi wakahamishwa.

Klabu yao, Ismaily, nayo ikawa mkimbizi. Hata hivyo ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika la 1969, ya kwanza Misri kufanya hivyo, kwa kuifunga TP Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo ni TP Mazembe: sare ya 2-2 Kinshasa, kisha 3-1 Cairo.

Wakati mzuri wa kwenda ni Agosti, ingawa jua ni kali. Ndio msimu wa maembe, na Wamisri huyasifu ya Ismailia kama Watanzania wanavyosifu machungwa ya Muheza.