Trauti Aliletewa Meli, Sosiani Ikaletewa Taka

Wasee, kila nikiweka picha ya mto lazima mtu aulize: mtoto wa Langas alijifunzia wapi kuvua? Sosiani, wapi kwingine? Fito, uzi wa gunia, pini iliyokunjwa na nyungunyungu. Walimu walikuwa vijana wakubwa wa mtaa, na somo la kwanza lilikuwa moja: nyamaza, na kivuli chako kisiguse maji.

Sasa, ukisoma historia ya uvuvi wa ndoano hapa Kenya, sisi hatumo. Historia hiyo huanza 1905, mlowezi Ewart Grogan alipoagiza mayai ya samaki aina ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland. Yalivuka bahari kwa meli, mwishowe yakafika mto Gura, kule Nyandarua. Mwaka wa 1910 ikaja aina nyingine ya trauti kutoka Afrika Kusini. Yote hayo kwa sababu walowezi walitaka mchezo wa kwao: unafunga manyoya na uzi kwenye ndoano mpaka ifanane na nzi, unairusha juu ya maji, samaki anadhani ni mdudu.

Mayai ya trauti ni ya kubembelezwa. Yanataka maji baridi, safi, yanayotembea. Na huyo huyo Grogan, Machi 1907, aliwachapa viboko Waafrika watatu hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi. Yaani yai la samaki lilibebwa kwa upole kuliko mtu.

Trauti wakaendelea kutunzwa. Wakawekewa sheria na leseni, na serikali ikajenga kituo cha kuwazalisha pale Kiganjo, karibu na Nyeri.

Sosiani je? Inatoka upande wa Kaptagat, inakata Eldoret katikati, inaingia Nzoia na kuishia Ziwa Victoria. Njiani inabebeshwa majitaka na takataka za mji mzima. Hakuna mkubwa aliyewahi kuja kuvua hapa kwa raha zake, ndiyo maana hakuna aliyestuka.

Msinielewe vibaya, sina ubaya na trauti wala na nzi wa manyoya. Ule ni ufundi, na msingi wake ni ule ule tuliofundishwa na wale vijana: soma maji, jua samaki amejificha wapi, ngoja. Kinachoniuma ni kwamba ufundi wetu unakatikia kwetu. Leo mzazi gani wa Langas atamwacha mtoto aingie Sosiani mpaka magotini?

Mto husafishwa ukiwa na watu wanaoudai. Trauti walikuwa na wenyewe. Kambare wa Sosiani wana sisi tu.

Kwa hivyo kama nawe ulivua hapo, andika hapo chini: sehemu gani, mwaka gani, ulishika samaki gani, na nani alikufundisha. Tukienda kudai mto kwa kaunti, twende na hayo mkononi.