Kabla Damu Haijaonekana

Januari 1951, Henrietta Lacks, mama wa watoto watano, alifika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani. Alikuwa akitokwa na damu nje ya siku zake. Daktari alimkuta na uvimbe kwenye mlango wa kizazi. Vipimo vikaonyesha saratani. Oktoba mwaka huohuo alifariki dunia, akiwa na miaka 31.

Kwa karne nyingi ugonjwa huu ulijitangaza hivyo: ute wenye damu, hasa baada ya tendo la ndoa au baada ya ukomo wa hedhi. Hata hivyo, si kila ute wa namna hiyo ni saratani. Klamidia na kisonono huufanya mlango wa kizazi utoke damu kwa kuguswa tu. Vijinyama visivyo vya saratani huvuja damu, sindano na vidonge vya uzazi wa mpango huleta matone, na uke uliokauka kwa umri huchubuka. Kwa mjamzito, damu yaweza kuashiria mimba inayotaka kutoka au iliyotunga nje ya kizazi. Ndiyo maana kipimo kilihitajika.

Mgiriki George Papanicolaou alihamia New York mwaka 1913 pamoja na mkewe, Andromachi, akaanza kwa kuuza mazulia dukani. Alipopata kazi ya utafiti, alichukua ute wa simbilisi, akaupaka kwenye kioo na kuutazama kwa darubini. Baadaye Andromachi mwenyewe akawa anatolewa ute kwa miaka mingi, ili mumewe azijue seli za mwanamke mwenye afya. Alipozilinganisha na za wagonjwa, tofauti ilikuwa wazi.

Mwaka 1928 alieleza matokeo hayo, lakini madaktari hawakuyatilia maanani. Mjini Bucharest, Aurel Babeș naye alikuwa amefikia njia inayofanana. Ni ripoti ya 1941, waliyoiandika Papanicolaou na Herbert Traut, iliyowageuza wengi.

Kipimo hicho huhitaji maabara na msomaji wa darubini. Katika zahanati nyingi za Afrika Mashariki muuguzi hutumia taa, pamba na asidi ya siki iliyozimuliwa: hupaka mlango wa kizazi, husubiri dakika moja, kisha hutafuta baka jeupe. Likionekana, tiba yaweza kuanza kabla saratani haijaota.

Mwaka 1983 timu ya Harald zur Hausen nchini Ujerumani ilitambua kirusi cha HPV aina ya 16 katika saratani hiyo. Mwaka 2008 akapata Tuzo ya Nobel. Ugunduzi huo ulifungua njia ya chanjo dhidi ya kirusi hicho. Rwanda iliianza kitaifa mwaka 2011, Tanzania 2018, Kenya 2019. Mwaka 2024 Tanzania ilianza kuwachoma wasichana wa miaka 9 hadi 14 dozi moja tu.

Chanjo hiyo haiondoi maambukizi yaliyokwishaingia. Kwa hiyo mama wa wasichana hao, waliokua kabla haijafika, wanahitaji kupimwa hata kama hawajaona tone la damu.