Habari za Kunyosha Mguu Uliopinda

Wayo wa mwanadamu una mifupa 26, nayo imefungamanishwa kwa kano zilizo imara kuliko kamba ya katani. Mwenye afya hana haja ya kuikumbuka. Huamka alfajiri, akaikanyagia kazi zake zote mpaka jua likatua. Lakini katika kila watoto 1,000 wazaliwao, mmoja au wawili huja duniani na mguu uliogeukia ndani, kisigino kimevutwa juu, na wayo umeelekea mguu wa pili badala ya kuelekea chini. Wavulana hupatwa na jambo hili yapata mara mbili kuliko wasichana, na katika nusu ya watoto hao huwa ni miguu yote miwili. Mtoto wa namna hiyo akiachwa kama alivyo hatakosa kutembea, lakini atatembea kwa ubavu wa mguu, na pengine kwa mgongo wa wayo wenyewe, na ngozi ya mahali ambapo hapakuumbwa kukanyagia itafanya sugu na vidonda.

Nilisoma darasa moja na mvulana aliyekuwa hivyo. Njia ya shule yetu ilikuwa na mteremko wa mawe, naye kila asubuhi alitoka kwao mapema kuliko sisi ili tufike pamoja. Wazee wa kijiji walinong'ona kwamba mamaye alipokuwa mja mzito alimcheka kiwete. Nami nilisadiki neno hilo, kama nilivyosadiki mengine mengi niliyoyasikia jikoni. Baadaye, nilipokuwa katika chuo cha ualimu, nilikuta katika maktaba kitabu kikuukuu cha historia ya utabibu, ndipo nikajua kwamba habari za mguu kama wa mwenzangu ziliandikwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na ya kuwa tiba yake ilijulikana, ikasahauliwa, ikarudi, ikaharibiwa, kisha ikatengenea tena. Habari hizo ndizo nitakazo kuwasimulia.

Wa kwanza kuandika ni Wayunani wa zama za Hippocrates, karne ya tano na ya nne kabla ya kuzaliwa Kristo. Katika kitabu chao juu ya viungo imeandikwa kwamba mguu wa namna hii hutibika mara nyingi, madhali tiba inaanza mapema. Mganga aushike mguu wa mtoto mchanga, aurudishe taratibu mahali pake kama mtu afinyangaye nta, aufunge kwa vitambaa vilivyopakwa mchanganyiko wa nta na utomvu, akaze upande ule anaotaka mguu uelekee. Na ukishanyoka, mtoto avikwe kiatu kigumu cha kuuzuia usirudi ulikotoka. Wazee wetu husema samaki mkunje angali mbichi, na Wayunani hawakuwa na maoni mengine. Walijua mambo matatu: kuwahi, kutotumia nguvu, na kutoacha mguu bila kizuizi baada ya kunyoka. Yashikeni sana matatu hayo, kwa maana waganga waliokuja nyuma waliyaacha moja baada ya jingine, na kila walipoliacha moja waliolipa gharama ni wagonjwa.

Nitapita upesi juu ya karne nyingi zilizofuata. Katika mwaka wa 1741 mganga mmoja Mfaransa, Nicolas Andry, aliandika kitabu juu ya kunyosha viungo vya watoto, akabuni jina kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiyunani, la kunyoka na la mtoto; ndilo asili ya neno othopedia ambalo mpaka leo ni jina la elimu ya kutibu mifupa na viungo. Picha iliyo katika kitabu chake ni ya mti uliopinda, umefungwa kwa kamba kwenye mti mnyofu uliosimikwa kando yake. Katika mwaka wa 1780 Jean-André Venel alifungua katika mji wa Orbe, nchi ya Uswisi, nyumba ya kutibu watoto wenye viungo vilivyopinda, akawavika viatu vya vyuma na mikanda. Magango hayo yaliwafaa wengi, lakini yalishindwa na kitu kimoja: ile kano nene iliyo nyuma ya mguu, ishikayo kisigino. Ikiwa fupi, huvuta kisigino juu kama uzi wa upinde, na hakuna kiatu kiwezacho kuishinda.

Basi kwa nini wasiikate? Walijaribu. Katika mwaka wa 1816, huko Montpellier, Ufaransa, mpasuaji hodari jina lake Delpech aliikata kano ya kisigino cha mtoto. Kidonda kilifanya usaha, kikachelewa sana kupona, na ingawa mguu ulinyoka, Delpech hakupenda kurudia tena. Wakati huo hapakuwa na mtu aliyejua habari za vijidudu viletavyo usaha. Lililojulikana ni hili tu, kwamba kidonda kikubwa kilicho wazi kilikuwa mlango wa mauti, na kwamba mtu mwenye busara haufungui mlango huo kwa ajili ya kilema kisichoua.

Aliyelifungua fumbo hilo ni Louis Stromeyer wa Hannover, Ujerumani, na kazi yake ilikuwa ndogo hata mtu angeweza kuidharau. Mwaka wa 1831 alichukua kisu chembamba chenye ncha, akakipenyeza chini ya ngozi kando ya kano, akaikata kano ndani kwa ndani, akakitoa kisu. Nje palionekana tundu tu, kama la mwiba. Alidhani kwamba hewa ndiyo iozeshayo vidonda, na kwa hiyo akaizuia isiingie. Sababu aliyoitaja haikuwa sawa, bali tendo lake lilikuwa sawa kabisa, kwa kuwa tundu dogo liliwanyima vijidudu nafasi. Baada ya siku kadhaa akaanza kuunyosha mguu kidogo kidogo juu ya gango. Na mwili ukafanya kazi ambayo hakuna fundi awezaye kuifanya: ile nafasi iliyobaki katikati ya ncha mbili za kano ikajaa kano mpya, na kano yote ikawa ndefu kuliko ilivyokuwa.

Hapa yanifaa nikae kidogo, kwa maana wa pili katika habari hii hakuwa mganga tu, alikuwa mgonjwa pia. William John Little alizaliwa London mwaka wa 1810, mwana wa mwenye nyumba ya wageni. Alipokuwa mtoto mdogo alipatwa na ugonjwa wa kupooza, ule tuuitao polio, na mguu wake wa kushoto ukapinda. Kilema chake, basi, hakikuwa cha kuzaliwa, lakini umbo lake lilifanana na kile cha kuzaliwa. Akasoma utabibu, na mtu yeyote aweza kukisia ni kwa nini. Aliwauliza wapasuaji wakubwa wa Uingereza kama waweza kumsaidia, nao wakamshauri asikatwe, wakikumbuka usaha wa vidonda vya namna ile. Akasikia habari za Stromeyer. Akavuka bahari, akaenda Ujerumani, na katika mwezi wa Juni mwaka wa 1836 akalaza mguu wake mbele ya kisu kidogo cha Hannover. Msisahau kwamba dawa ya usingizi ilikuwa bado haijapatikana. Alikuwa macho, na kila kilichofanyika alikifahamu kama mganga na kukihisi kama mgonjwa.

Mguu ukanyoka. Misuli iliyopooza haikufufuka, maana kisu hakina uwezo huo, walakini wayo ulikanyaga ardhi. Little akakaa akajifunza kazi ile kwa Stromeyer mwenyewe, kisha akarudi Berlin akitembea. Huko alikuwako mpasuaji mashuhuri, Dieffenbach, ambaye alipomwona alistaajabu, naye akaanza kuifanya kazi hiyo kwa wingi. Mwaka wa 1837 Little alipata shahada yake Berlin kwa kuandika juu ya kilema chake, akarudi London, akawa wa kwanza kuikata kano kwa njia hiyo katika mji huo. Mwaka uliofuata alianzisha nyumba ya matibabu ambayo baadaye ikawa hospitali kubwa ya mifupa ya kifalme. Wapo watu wapatao faraja wakaishika kwa mkono mmoja na kufunga mlango kwa mkono wa pili. Little hakuwa mmoja wao.

Mwaka wa 1852 mganga wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, alichapisha habari za bandeji zilizopakwa unga wa plasta, ambazo zikiloweshwa maji hukauka zikawa ngumu kama jiwe. Sasa kila kitu kilikuwa tayari: mikono, kisu kidogo, plasta, na kiatu cha kuzuia. Mtu angedhani hadithi ingeishia hapo.

Haikuishia. Mwaka wa 1846 huko Boston, Marekani, ilidhihirishwa kwamba mvuke wa itha waweza kumlaza mgonjwa asisikie maumivu. Na mwaka wa 1867 Joseph Lister akatangaza njia yake ya kuua vijidudu vya vidonda. Neema hizi mbili zimeokoa watu wasiohesabika, wala sitaki mtu adhani nazikejeli. Lakini ziliwapa wapasuaji ujasiri mpya. Mgonjwa halii, kidonda hakiozi; kwa nini basi kungoja majuma na miezi? Wengine wakatengeneza koleo za chuma za kuukunja mguu kwa nguvu mara moja. Wengine wakaupasua ubavu wote wa ndani na kukata kila kilichokaza. Wengine wakaondoa mifupa mizima. Katika karne ya ishirini upasuaji huo ulisafishwa na kupangwa vizuri zaidi, na kwa miaka mingi ndio uliofundishwa katika vyuo vikuu: mguu ufunguliwe, kano zirefushwe, viungo vifunguliwe, mifupa ipangwe upya, kidonda kishonwe. Mtoto alitoka chumba cha upasuaji na mguu mnyofu, wazazi wakashukuru, na daktari akaandika kwamba kazi imefaulu. Nani angemlaumu? Makovu ya ndani hayaonekani siku ya kutoa nyuzi. Huonekana mtoto akiwa na miaka 20 au 30, mguu umekuwa mgumu kama ubao na kila hatua yauma.

Mtu aliyekwenda kuyatazama makovu hayo ni Ignacio Ponseti, mzaliwa wa kisiwa cha Menorca, Uhispania, mwaka wa 1914. Babaye alikuwa fundi wa saa, naye utotoni alimsaidia, na mimi husadiki kwamba alipata hapo subira ya kushughulika na vitu vidogo. Alipomaliza masomo ya utabibu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimezuka katika nchi yake. Akawatibu majeruhi upande wa Jamhuri, na upande huo uliposhindwa akakimbilia Ufaransa, kisha Meksiko, na mwaka wa 1941 akafika Iowa, Marekani. Huko mkuu wake alimpa kazi ya kuchunguza wagonjwa waliopasuliwa miguu miaka mingi nyuma. Aliwakuta na miguu migumu, dhaifu, yenye maumivu. Akarudi kwenye mifupa yenyewe, akachunguza jinsi inavyogeuka mmoja juu ya mwingine, akatambua kwamba wayo wote waweza kuzungushwa kwenda nje, ikiwa tu mganga ataukingamiza kwa kidole gumba ule mfupa wa juu ukaao chini ya muundi.

Kazi yake aliianza katika miaka ya 1940 iishapo. Mguu hunyoshwa kwa mikono kwa muda mfupi, hufungwa plasta kuanzia vidole mpaka juu ya goti, na baada ya juma moja hufunguliwa, hunyoshwa tena, hufungwa tena. Plasta tano au sita hutosha kwa watoto wengi. Mwisho, kano ya kisigino ikiwa bado fupi, kama ilivyo kwa walio wengi, hukatwa kwa ncha ya kisu kupitia tundu dogo, na plasta ya mwisho hukaa majuma matatu kano ikijiunga. Mtaona ya kwamba ni kisu kile kile cha Stromeyer, kimerudi baada ya miaka zaidi ya 100, na mikono ile ile ya Wayunani. Ponseti alichapisha matokeo yake mwaka wa 1963, na wenziwe wakapita wasigeuke. Hakukata tamaa wala hakugombana. Aliendelea kuwatibu watoto wa Iowa. Ni baada ya kitabu chake cha mwaka wa 1996, na wazazi kuanza kupashana habari wao kwa wao, ndipo waganga wa dunia walipomjia, naye akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80. Alifariki mwaka wa 2009.

Katika Afrika njia hii ilipata sababu ya pili ya kupendwa. Wapasuaji wa mifupa ni wachache, lakini kufunga plasta kwahitaji mikono iliyofunzwa, si lazima chumba kikubwa cha upasuaji. Huko Uganda na Malawi walifunzwa matabibu wasio madaktari, nao wakaifanya kazi vizuri. Na katika Kenya leo zipo kliniki za namna hii katika hospitali za serikali na za misheni. Fundi Mholanzi aliyefanya kazi Uganda, Michiel Steenbeek, alibuni gango la viatu viwili vya ngozi vilivyounganishwa kwa fimbo ya chuma, vitu ambavyo fundi wa hapa aweza kuvipata na kuvishona.

Gango hilo ndilo sehemu ngumu kuliko zote, nalo haliko mikononi mwa daktari. Mtoto hulivaa mchana na usiku kwa miezi mitatu, kisha kila alalapo mpaka afikishe miaka minne au zaidi. Mguu umekwisha kunyoka, mtoto analia, jirani anauliza kwa nini mwanao afungwa kama mfungwa, na nauli ya kliniki haipatikani. Mama akilegea, mguu hurudi ulikotoka, na kazi huanza upya.

Mwenzangu wa darasani hakupata plasta wala gango. Alifikishwa mbele ya mpasuaji akiwa mtu mzima, na kwa umri ule njia iliyobaki ilikuwa ya mifupa: kukata vipande na kuviunganisha viungo vitatu vya wayo viwe kitu kimoja, mguu ukanyage sawasawa ijapokuwa hautapinda tena kulia wala kushoto. Alikubali. Sasa ana duka la vifaa vya ujenzi karibu na barabara kuu. Apandapo kilima huenda polepole, na siku alipozaliwa binti yake, aliniambia, neno la kwanza alilomwuliza mkunga lilikuwa juu ya miguu.